Uliza Kocha: Bingwa Alipoingia na Matokeo Mfukoni

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: inakuwaje mpiganaji ambaye kila mtu ameshampa ushindi anachapwa na mtu asiyepewa nafasi? Nimechagua tano. Walioandika zinazofanana nazo watajikuta humu.

SWALI: Shikamoo Kocha. Hapa kijiweni kwetu hatulali kwa ajili ya pambano la Anderson Silva na Chris Weidman. Mimi nasema Silva aliuza. Haiwezekani mtu aliyetawala karibu miaka saba asimame mikono chini, amchezee mwenzake shere, halafu apigwe konde moja alale. Wenzangu wanasema hakuuza, ni dharau tu iliyomponza. Tuamulie.
*Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuuza pambano ni tuhuma nzito na inataka ushahidi. Kushangaa kwako si ushahidi. Wenzako wako karibu zaidi na ukweli, ila nao wameishia njiani.

Lilikuwa tarehe 6 Julai 2013, ukumbi wa MGM Grand, Las Vegas. Silva ana miaka 38, ameshinda mapambano 16 mfululizo ndani ya UFC, ligi kubwa ya mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na kukabana, na ametetea mkanda wa uzito wa kati mara 10. Weidman hajawahi kupoteza, lakini ana mapambano 9 tu, na amekaa nje karibu mwaka mzima kwa sababu ya upasuaji wa bega. Kwa hesabu za makaratasi, ni haki watu walimpa Silva.

Sasa hiyo mikono chini. Wengi wanadhani Silva aliianza usiku ule. Agosti 2009, kule Philadelphia, alimfanyia hivyohivyo Forrest Griffin: kichwa kinayumba, makonde yanapita hewani, kisha Silva anarudi nyuma huku anarusha ngumi fupi ya mkono wa kulia na Griffin anakaa chini. Watu walisimama kumpigia makofi. Mikono ile chini ilikuwa chambo. Mpinzani akishikwa na hasira au woga anarusha ovyo, Silva anasoma umbali wake na mwendo wake, kisha anamjibu. Kwa miaka mingi chambo kile kilinasa.

Raundi ya kwanza Weidman alimbwaga chini, akamshindilia makonde, akajaribu hata kumnasa mguu. Silva alinyanyuka, na kuanzia hapo ndipo maneno na vituko vikazidi. Kocha wa Weidman, Ray Longo, alimwambia ampige mpaka atoboe kifua. Watu huchukulia kama maneno ya kumpandisha mori, lakini mimi naona ndani yake kuna ufundi: kichwa cha Silva kina pa kukimbilia, kifua hakina.

Raundi ya pili irudie polepole, na usiangalie uso wa Silva. Angalia mikono ya Weidman na nyayo za Silva. Inakuja kushoto, inakuja kulia, halafu ule mkono wa kulia unarudi kwa njia uliyoendea, kwa mgongo wa kiganja, nje kabisa ya mapigo aliyoyazoea Silva. Silva ameshaegemea nyuma kuukwepa. Nyayo zake zimelingana, hakuna mguu wa nyuma wa kumbeba, na kichwa hakina pengine pa kwenda. Kushoto kunamkuta hapohapo. Dakika 1 na sekunde 18.

Dharau ilikuwepo, sikatai. Ila ilikuwa dharau ya aina maalumu: kutumia mtego wa kuwanasia waoga kwa mtu asiyekuogopa. Na Weidman alikuwa na sababu ya kutoogopa. Alikuwa akifundishwa pia na Matt Serra, yuleyule ambaye Aprili 2007 mjini Houston alimsimamisha Georges St-Pierre raundi ya kwanza na kumvua mkanda, wakati karibu kila mtu alimwona Serra kama mshindi wa shindano la televisheni aliyepewa nafasi ya kupigwa. Kambi ile ilishaiona miujiza ya aina hiyo ikitengenezwa kwa jasho.

Ndiyo maana sipendi mtu akisema "Silva alidharau" akaishia hapo. Unamnyang'anya Weidman kazi yake. Tarehe 28 Desemba 2013 walirudiana na Silva hakufanya kituko chochote. Weidman alimwangusha kwa ngumi raundi ya kwanza, na raundi ya pili Silva akapiga teke, Weidman akainua goti kulipokea, mguu wa Silva ukavunjika. Usiku huo hakukuwa na dharau ya kuilaumu.

SWALI: Assalaam aleikum Kocha. Mimi ni shabiki wa Fedor Emelianenko tangu enzi za mashindano ya Pride kule Japani. Mpaka leo roho inaniuma nikikumbuka alivyojipeleka kwenye miguu ya Fabricio Werdum. Kwani hakujua Werdum ni bingwa wa dunia wa jiu-jitsu, ule mchezo wa kukabana na kunasa viungo mkekani? Na je, hawa wababe wa uzito wa juu hujifunza kwa yaliyowapata wenzao?
*Msomaji, Muscat, Oman*

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Alijua vizuri sana. Ndiyo maana pambano lile la tarehe 26 Juni 2010, San Jose, California, mimi huwaonyesha vijana wangu kila wanapoanza kujisifu mkekani.

Kumbuka Fedor alitoka wapi. Kwa karibu miaka kumi hakuna aliyemshinda, na kupoteza kwake kwa pekee kabla ya hapo, mwaka 2000, kulitokana na kuchanika usoni sekunde chache baada ya kengele. Katikati ya miaka hiyo alikutana na Antônio Rodrigo Nogueira, Mbrazili ambaye miguu yake ilikuwa inaogopwa kuliko ya mtu yeyote wa uzito wa juu. Fedor hakuikwepa. Aliingia palepale katikati ya miguu yake, akamshindilia makonde mpaka mwisho, akashinda kwa pointi. Sasa jiweke kwenye kichwa chake mwaka 2010. Umeshaingia kwenye tundu la nyoka mkali kuliko wote ukatoka mzima. Huyu Werdum, ambaye UFC walishaachana naye, atakufanya nini?

Makonde ya kwanza, Werdum akaenda chini. Bondia mwenye subira angerudi nyuma, amwambie mwamuzi amsimamishe. Fedor alimrukia. Werdum akajaribu kumfunga, Fedor akajichomoa. Na hapo ndipo penye somo lote, maana baada ya kuonja hatari ile na kutoka salama, akarudi tena kulekule. Mguu mmoja wa Werdum ukapita juu ya bega, mwingine ukafunga nyuma, ikawa kabali ya miguu huku mkono wa Fedor umenaswa na kiwiko kinanyooshwa. Akagonga, yaani akakubali kushindwa. Dakika 1 na sekunde 9. Baadaye alisema kwamba asiyeanguka hawezi kuinuka, na hakumtafutia Werdum dosari yoyote. Kwa hilo namheshimu hadi leo.

Kama wanajifunza? Fuata mkanda wa ubingwa uone. Werdum huyohuyo, Juni 2015, alikwenda Mexico City kupigana na Cain Velasquez, ambaye ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kujua maana yake, waulize wakimbiaji wanaokwenda Iten kwa mara ya kwanza. Werdum alipanda huko mapema, akaweka kambi ya wiki kadhaa mpaka mapafu yakazoea. Velasquez, mtu ambaye pumzi ndiyo ilikuwa silaha yake, alichelewa kufika. Raundi ya pili alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Raundi ya tatu, akiwa amechoka, akainamisha kichwa kutafuta miguu ya mwenzake, na shingo ikaingia kwenye kabali. Yeye hakumdharau Werdum hata kidogo. Alidharau mlima.

Ungetegemea mtu aliyeshinda kwa akili kiasi hicho asibweteke. Mei 2016, Curitiba, nyumbani Brazil, mbele ya watu zaidi ya 45,000, Werdum alimkimbiza Stipe Miocic kwa mstari ulionyooka, kidevu juu, mikono imelegea. Miocic, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa zimamoto huko Ohio, alikuwa anarudi nyuma. Akarusha kulia fupi, Werdum akaanguka kifudifudi. Alilewa shangwe za watu wake, mimi sina neno jingine.

Miocic naye akawa bingwa asiyeaminiwa. Januari 2018, mjini Boston, Francis Ngannou wa Kamerun ndiye aliyekuwa kwenye vinywa vya watu, kwa sababu mwezi mmoja na nusu nyuma alimnyanyua Alistair Overeem kwa ngumi ya chini kwenda juu, kichwa kikaelekea dari. Ngannou akaingia kumaliza kazi mapema. Kila ngumi aliirusha kana kwamba ndiyo ya mwisho. Miocic akainama, akamkumbatia, akambwaga, akamlalia. Baada ya raundi ya pili yule jitu alikuwa hana hata nguvu ya kunyanyua mikono, na majaji wote watatu walimpa Miocic raundi zote tano.

Sasa angalia kilichofuata, maana kinanigusa kuliko ushindi wowote. Julai mwaka huohuo Ngannou alipanda kupigana na Derrick Lewis na karibu hakurusha ngumi. Watu wakazomea. Yeye mwenyewe akaandika kwamba alibeba hofu ya pambano lililopita. Umeona? Dharau ikivunjika, mtu anaweza kuangukia upande wa pili, akamkuza mpinzani mpaka akashindwa kusogea. Ilimchukua muda kupata kipimo sahihi. Machi 2021 alikutana tena na Miocic. Safari hii alingoja, alipokamatwa miguu alijua la kufanya, na raundi ya pili akamzima.

Na Ngannou huyo ndiye aliyepanda ulingo wa ndondi Riyadh, tarehe 28 Oktoba 2023, hajawahi kupigana hata pambano moja la ndondi za kulipwa, dhidi ya Tyson Fury, bingwa wa dunia wa ndondi wa WBC. Fury alikuwa na mwili wa mtu ambaye hakujituma kambini, na pambano lake na Oleksandr Usyk lilikuwa tayari limetangazwa. Macho yalikuwa huko mbele. Raundi ya tatu kushoto kwa Ngannou kukampeleka chini. Fury alinusurika kwa pointi, tena jaji mmoja alimpa Mkameruni. Miezi minne baadaye Anthony Joshua alipewa Ngannou huyohuyo, palepale Riyadh. Alimwangusha raundi ya kwanza, akammaliza ya pili. Joshua alijiandaa kwa Ngannou kama anavyojiandaa kwa bingwa. Basi jibu langu ni hilo: wapo wanaojifunza, na mara nyingi si yule aliyepigwa, ni yule aliyekaa pembeni akitazama.

SWALI: Habari za kazi Kocha. Sisi wa Tanga hatujasahau Septemba 2018, kijana wetu Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham kuziba pengo akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, kwao, mbele ya watu wao. Najua wewe ni mtu wa kabali na mitama zaidi, lakini niambie: ni jambo lilelile alilolifanya Nate Diaz kwa Conor McGregor?
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kumbukumbu hiyo. Ndondi ni ndugu wa damu wa huu mchezo wetu, karibu.

Yanafanana kwa kitu kimoja ambacho watu hawakitaji. Tunapomsikia mtu kaitwa dakika za mwisho, tunamwonea huruma yeye tu: hakupata kambi. Lakini na mwenyeji naye kambi yake imeharibika, maana alijiandaa kwa mwingine. McGregor alikuwa ajipime na Rafael dos Anjos, mfupi, wa uzito wa kilo 70. Dos Anjos akavunjika mguu. Zikiwa zimebaki siku 11 akaletwa Diaz, mrefu, mwenye mikono mirefu, na pambano likapandishwa hadi kilo 77. Miezi mitatu nyuma McGregor alimlaza José Aldo kwa sekunde 13, na nadhani moyoni alijua kushoto kwake kunatosha kwa mtu yeyote.

Tarehe 5 Machi 2016, raundi ya kwanza, kushoto kulimfikia Diaz mara nyingi. Uso ulijaa damu, miguu haikutetereka. Ukimtazama McGregor wakati ule unaona mtu anayerusha kila ngumi kwa nguvu zote akingoja kitu ambacho hakiji. Raundi ya pili pumzi ikakata, Diaz akampiga moja-mbili, na McGregor, mtu wa ngumi, akakimbilia kumshika mwenzake miguu, yaani akakimbilia nyumbani kwa Diaz. Kabali ya nyuma, akagonga. Aliporudi Agosti mwaka huo aligawa nguvu zake vizuri, akampiga sana mateke ya mguu wa mbele, akashinda kwa pointi chache.

Mwakinyo tofauti yake ni kwamba hakungoja mwenyeji achoke. Alikwenda kuchukua. Ukisema Eggington alidharau, sawa, inawezekana. Mimi nasema kijana wa Tanga alikwenda Uingereza akiwa tayari, na asiyekuwa tayari hapati hata raundi mbili za kuthibitisha.

SWALI: Kocha, binti yangu ana miaka 16, anacheza judo. Klabuni kwao hapa hakuna msichana anayemweza, anawabwaga kwa sekunde chache tu. Siku hizi hataki kufanya mazoezi na wadogo, na yale ya chini chini anayakwepa. Anamwiga sana Ronda Rousey. Nampenda mwanangu na sitaki kumvunja moyo. Nifanye nini?
*Mama yake, Unguja*

JIBU: Dada yangu, umefanya vyema kuuliza mapema, na usimkataze kumpenda Rousey. Ni mwanamke aliyepata medali ya shaba ya judo katika Olimpiki ya Beijing 2008 na akafungua mlango wa UFC ambao wasichana wengi wamepita.

Kaa naye mtazame pambano la Melbourne, tarehe 14 Novemba 2015, mbele ya watu zaidi ya 56,000. Kabla ya hapo Rousey alimaliza mmoja kwa sekunde 16, mwingine kwa 14, mwingine kwa 34. Muulize binti yako: katika dakika hiyo moja na kidogo ya watu watatu, Rousey alijifunza nini juu yake mwenyewe? Ushindi wa haraka haukuonyeshi penye ufa. Yule wa mwisho alimlaza kwa ngumi, akaanza kuamini ngumi zake. Kisha akaletewa Holly Holm, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndondi, mpiganaji wa mkono wa kushoto na anayependa kufuatwa. Rousey akamfuata. Kila aliposonga mbele kwa mstari, Holm alipiga hatua ya pembeni na kumwachia kushoto usoni. Raundi ya kwanza alimshika mara moja, akautafuta mkono wake kwa ile mbinu yake ya kuvunja kiwiko, Holm akachomoka. Muonyeshe hapo, maana Holm hakuchomoka kwa bahati, ni kitu alichokuwa amekirudia kambini Albuquerque. Raundi ya pili Rousey akapita na ngumi yake, akajikwaa, akageuka, na teke la mguu wa kushoto likamkuta shingoni.

Sasa la kufanya, na mwonyeshe mwalimu wake. Mazoezini binti asianze akiwa amesimama. Aanze amelala chali na mwenzake yuko kifuani, apewe muda wa kutoka. Apangiwe wavulana wanaomzidi kilo. Na hao wadogo asiwaache: afanye nao kwa kutumia upande wake dhaifu tu, kama ni wa kulia abwage kwa kushoto. Atapoteza, atanuna. Akinuna mpikie anachokipenda, lakini kesho yake arudi.

Na akibwaga mtu kwa sekunde tano, msimpigie makofi peke yake, mpigieni na aliyebwagwa kwa kuja. Nimeona watoto wakibadilika kwa jambo hilo dogo.

SWALI: Kocha nisaidie. Mkeka wangu wa kubeti ulichanika kwa Kamaru Usman alipopigwa na Leon Edwards. Zilibaki sekunde tu! Kwa nini Usman alimdharau? Na nitamjuaje bingwa anayeingia na dharau nimkwepe?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Pole mwanangu, ila Usman hakumdharau mtu. Agosti 2022, Salt Lake City, alipigana kama mtu mzima anayeijua kazi yake, na kwenye karatasi za majaji alikuwa mbele baada ya raundi nne. Edwards, ambaye alishapigwa na Usman mwaka 2015, alionekana amekata tamaa; watu wa kona yake walikuwa wanamfokea. Kisha, chini ya dakika moja kabla ya kengele, akaonyesha ngumi ya kushoto, Usman akainamisha kichwa kuikwepa, na teke la kushoto lilikuwa njiani kuelekea palepale. Ile ni mbinu safi ya mtu aliyekuwa amechoka na akaikumbuka.

Kuhusu kubeti sina ushauri, na sitautoa. Namba zile zinafuata pesa za watu zinakoelekea, hazijui nani aliumia kambini. Ila kwa kuwa unaupenda mchezo, rudi kwenye raundi ya kwanza ya pambano lile. Edwards alimpiga mtama Usman, akamwangusha na kumpanda mgongoni, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfanyia ndani ya UFC. Wengi waliisahau raundi hiyo zilipofika tatu zilizofuata. Itazame hiyo kwanza, halafu ndipo uitafute ya tano.